Kilo za Mama Mkwe

Ile Jumamosi sijaisahau, mwanangu, wala sitaki kuisahau. Umeniambia umempata mtu Bloomington anayeuza trela la kulala safarini, lile ambalo shingo yake hukaa ndani ya bodi la pikapu, juu ya ekseli ya nyuma, na kwamba pikapu yako "inatosha tu". Neno hilo ndilo lililonifanya nikwambie uketi. Nililisema mimi pia nikiwa na umri kama wako, tena kwa kiapo.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Moshi, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Nilitaka kumpeleka mji wa Duluth akalione lile ziwa kubwa, yeye, mke wangu Neema na wanetu wawili. Sasa wewe umezaliwa huku ughaibuni, kwa hiyo nikueleze: kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawalali wakitenganishwa na pazia tu. Ni aibu, basi. Nikanunua trela lenye vyumba viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, kila kimoja na mlango wake. Heshima hiyo ikaniletea trela zito, na pikapu yangu ilikuwa ya kawaida, ya kwendea kazini.

Aliyeniuzia pikapu alisema inavuta pauni elfu kumi. Trela langu, likijaa maji na vyakula, lilikuwa elfu saba na mia tano. Nikaona nimepata nafasi ya bure. Mzee Shabani, mtu wa Tanga aliyeendesha malori ya masafa marefu hadi akastaafu, akaniuliza kwenye simu, "Stika ya mlango wa dereva umeisoma? Na watu umewajumlisha?" Nikamwambia watu siwezi. Nimuulize mama mkwe ana kilo ngapi? Afadhali nife! Akajibu, "Utakufa kweli, bwana mdogo." Nikamwona mzee ana maneno mengi.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo tukatoka New Hope, tulikokuwa tukiishi. Neema akaona pikapu imelala nyuma, pua imeinuka. "Baba Amani, hii iko sawa kweli?" Nikamwambia ndivyo zinavyokuwa. Tulipofika Roseville, karibu na yale maduka makubwa, taa ikawa nyekundu. Nikakanyaga breki, gari likaendelea kwenda. Trela lilikuwa likitusukuma, usukani umekuwa mwepesi mkononi, nikakatiza njia panda nzima huku nikipiga honi na magari yakinikwepa. Tukasimama upande wa pili. Niligeuka nikawahesabu: watoto wawili, Neema, Mama. Wote wazima. Nililia, mwanangu, mbele ya mama mkwe wangu, na sikuona haya.

Nikajikokota hadi kwenye maegesho ya maduka, nikampigia Mzee Shabani. Alipofika hakunigombeza. Alifungua mlango wa dereva, akasoma stika: watu na mizigo visizidi pauni elfu moja mia saba na thelathini.

"Kuvuta ni kitu kimoja, kubeba ni kingine," alisema. "Karibu moja ya tano ya uzito wa trela inakalia mgongo wa gari lako. Elfu moja na mia tano hizo. Hicho kitako cha chuma kinachoishika shingo, mia na arobaini. Umebakiza tisini, kama kilo arobaini tu."

"Za mizigo?"

"Za watu watano, na wewe umo. Wewe peke yako huenei humo!"

Mama alikuwa amesimama pembeni akisikia yote. Akauliza kwa nini sikujumlisha watu. Nikainamisha kichwa, Neema akamweleza. Mama alicheka hadi akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Baba Amani, mimi nimepeleka kahawa kwenye mizani ya ushirika tangu nilipoolewa. Magunia yakiisha, napanda mwenyewe. Nina kilo themanini na sita. Ungeniuliza." Kisha akaacha kucheka. "Heshima yako ingenizika ugenini."

Rafiki wa Mzee Shabani alilirudisha trela nyumbani kwa pikapu yake kubwa, yenye magurudumu manne nyuma. Sisi tukaenda Duluth bila trela, tukalala hotelini, vyumba viwili. Nilipouona ule mteremko wa kuingia mjini, na ziwa kule chini, niliwaza trela lile lingetusukuma vipi pale, halafu moyo ukatulia, nikaanza kuimba. Mama akaitikia.

Kwa hiyo sikiliza. Usianze na pikapu, anza na trela, tena likiwa limejaa. Ukishajua shingo yake itakuelemea kiasi gani, ongeza kitako chake, mizigo, na kila mtu atakayepanda, ndipo ukatafute pikapu. Usome stika ya gari lile lile unalolinunua, maana pikapu mbili za jina moja hazibebi sawa. Ukitaka uhakika, wapakie wote mwende kwenye mizani ya malori. Na ubakize nafasi, usinunue la kufikia ukingoni. Unaowaheshimu waulize. Hakuna mzazi anayechukia kuulizwa jambo litakalomfikisha salama.

Mungu akupe gari lenye nguvu kuliko haja yako, na breki zinazokutii. Kila unayempakia, umshushe kwa miguu yake mwenyewe, akicheka. Amina.