Sanda ya Mama na Safari ya Misri

Siku moja ya ujana wangu, mwanangu, mpaka leo nikiikumbuka naona haya hata nikiwa peke yangu chumbani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, fundi wa kupaka rangi nyumba, nakaa na mama yangu Temeke, enzi za Mwingereza. Jambo hili sijamsimulia mtu, na waliolijua wametangulia wote. Kaa vizuri nikwambie, na usinikatize, maana ukinikatiza naweza kughairi.

Nilikuwa na rafiki yangu akiitwa Sefu. Vita kuu ilipokwisha alirudi kutoka Misri, alikokuwa dereva wa malori ya jeshi. Wenzake walirudi na habari za mabomu, yeye akarudi na habari za miji. Alinisimulia Khartum, mahali mito miwili inapokutana na kila mmoja una rangi yake. Alinisimulia soko la Umduruman, mawe mekundu ya Aswani, na miji ya kale ambayo masanamu ya wafalme wake yamefukiwa na mchanga mpaka kifuani. Akianza kusimulia, rangi ilikuwa ikinikaukia kwenye brashi.

Tukaamua twende tukaone. Si vitani, si kazini, si kwenye biashara: kutembea tu, kama Wazungu walivyokuwa wakija kwetu kutembea. Jumapili tulikuwa tunakaa kwa Sefu, nyuma tu ya ua wetu, tunatandaza karatasi ya mfuko wa saruji chini na kuchora njia kwa penseli ya seremala. Meli hadi Mombasa, gari moshi hadi Kisumu, meli ya ziwani hadi Uganda, lori hadi Juba, meli ya mtoni siku nyingi hadi karibu na Khartum, kisha gari moshi la jangwani hadi Wadi Halfa, halafu Aswani, halafu Kairo. Sefu alijua mpaka vituo ambavyo abiria hushuka kununua tende. Tulibishana juma zima habari ya mablanketi, yeye akisema jangwani kuna baridi ya kutetemesha meno, mimi nikimwona mwongo. Tulijinyima mwaka na zaidi. Sijapata tena furaha kama ile ya kuchora njia juu ya karatasi.

Tukaenda ofisi ya serikali mjini kuomba pasi. Karani mmoja, Mwafrika mwenzetu, akatuuliza tunakwenda kufanya nini huko. Nikamwambia kutazama miji. Akaandika. Ningeweza kusema jambo lingine lolote, lakini nilikuwa nimesikia kwamba anayedanganya kwenye karatasi ya serikali hufungwa, na mimi jela sikuitaka. Akatwambia turudi baada ya wiki sita, haoni kwa nini tukataliwe. Tukatoka pale tukijiona tumeshafika.

Sasa kwetu pwani, kama ujuavyo, kijana hafungi safari ndefu bila radhi ya mama yake. Unakwenda, unapiga magoti, unamwambia unakokwenda, naye anakuwekea mkono kichwani na kukuombea. Ukiondoka bila ile dua, kila jiwe litakalokukwaza njiani utajua limetoka wapi. Nami nikajiambia: huyu ni mjane, mtoto wake ni mimi tu, ataniruhusu niende kutazama majumba mabovu ya watu waliokwisha kufa? Atalia, na akilia nitashindwa kwenda. Sikumuuliza. Nilimjibia mwenyewe moyoni mwangu.

Nilimkuta uani anasuka ukili wa mkeka. Nikapiga magoti nikasema, "Mama, nakwenda Hija."

Neno lilitoka jepesi kama nimemwomba maji ya kunywa. Nikaongeza kwamba nitapita bara na Sefu hadi Sudani, ndipo nivuke bahari kuingia Jidda, kwa hiyo sitafuatana na mahujaji wa mjini. Hata mwenyewe nilishangaa jinsi uongo ule ulivyokaa sawasawa juu ya njia yetu.

Mama aliangusha ukili akaanza kulia, na hakikuwa kilio nilichokiogopa. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akasema, "Mie nani, niwe mama wa Haji?" Mungu anajua nilipaswa kusema pale pale kwamba nimemtania. Nikainama nikamwokotea ukili wake.

Usimwambie mama wa Temeke jambo kama lile ukategemea likae ndani ya ua. Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulikuwa unajua. Anayekwenda Hija huagwa kwa kuombana radhi, kwa hiyo wazee ambao nilikuwa nawaamkia shikamoo kwa kuinama wakaja kwangu wao, wakikaa kwenye mkeka na kuniomba niwasamehe kama wamewahi kunikosea. Wengine walinipa majina ya wagonjwa na maiti zao niyataje kwenye Kaaba. Bi Mgeni, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye alikuwa ameolewa miaka tisa bila kupata mtoto, alinishika mkono akasema, "Mwanangu, mie sina maneno mengi, we mtajie tu jina langu, Yeye anajua." Nikamwitikia, "Nitamtajia, bibi." Sura yangu ilikuwa imetulia. Hilo nalo ni ufundi, na wala sijivunii.

Sefu aliposikia alinivuta nyuma ya nyumba. "Ndugu yangu, umefanya nini? Mie nimemwambia mke wangu nakwenda kutembea. Kanuna siku mbili, siku ya tatu kanipikia. Basi."

"Mama si mke," nikamjibu.

"Ndiyo maana nakuuliza umefanya nini," akasema, akaniacha.

Siku mbili kabla ya kuondoka, mama aliniita ndani. Akatoa mkoba uliofungwa kwa kanga kuukuu, na ndani yake sanda yake. Alikuwa ameinunua mwenyewe, bafta nyeupe, kwa mikeka aliyoishona hata vidole vikaota sugu, akaihifadhi na kafuri isiliwe na wadudu. Akaniambia niichovye kwenye maji ya Zamzam, niianike huko huko, nimrudishie. "Baba yako nilimzika kwa sanda ya haraka haraka," akasema. "Mie nataka niende na hii." Niliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nyepesi sana, nikaiweka juu kabisa ya nguo zangu.

Siku ya kuondoka mama aliniwekea mkono kichwani akaomba dua ndefu, na watu wakaitikia amina mpaka njiani. Tulikusudia kupitia ofisini kuchukua pasi, kisha twende moja kwa moja bandarini. Karani alipotuona na mizigo yetu akainamisha uso.

"Bwana Mzungu kakataa," akasema. "Kauliza watu wa Temeke wana nini cha kutazama Misri. Kasema nyie mna kazi, hamna matembezi."

Sefu akauliza kama hakuna njia nyingine. Karani akatazama huku na huku, akasema kwa sauti ya chini, "Mngesema Hija mngepata. Wa Hija wanapewa. Sasa imeshaandikwa."

Mwanangu, nilikaa chini palepale kwenye ngazi. Uongo niliompa mama yangu ndio ambao ungenifikisha, na ukweli niliompa Mzungu ndio ambao mama yangu alistahili. Yule nilimwogopa kumdanganya. Huyu aliyenizaa sikumwogopa.

Sefu alirudi nyumbani mchana uleule. Watu walimcheka. Vijana walimwita Mmisri, wakamuuliza ngamia wake amemfunga wapi, na mkewe naye akacheka pamoja nao. Baada ya juma moja walipata jambo lingine la kucheka. Mimi sikuweza kurudi na sanda kavu. Nilimwomba Sefu aseme kwamba yeye amekataliwa na mimi nimepata, nami nikavuka Kigamboni nikatembea kwa miguu hadi Kimbiji. Alisema hivyo kwa ajili yangu. Lakini tangu siku hiyo hakunikaribisha tena kwake, na mimi sikuwa na uso wa kumuuliza kwa nini.

Kimbiji siku zile ilikuwa mbali kweli, njia mbovu, mtu hana habari na mtu. Alinipokea Maalim Kombo, mzee aliyekuwa akisomesha watoto Kurani na kulima mihogo. Nilimwambia nimetoka mjini kupumzisha kifua. Nikamlimia, nikamwezekea paa, nikamchungia mbuzi wake wasiingie shambani, miezi ikaenda. Mahujaji wa kweli walipokaribia kurudi, nilichukua sanda nikaenda nayo kisimani, nikaichovya kwenye ndoo.

Maalim alinikuta naikamua. "Sanda ya nani hiyo?"

"Ya mama yangu."

"Amefariki?"

Nikasema hapana, na hapo nikashindwa kuendelea na uongo. Nilimweleza yote, yeye kasimama. Hakunipigia kelele. Alikaa kwenye ukingo wa kisima akasema, "Sasa sikiliza, kijana. Rudi nayo ikiwa mbichi hivyohivyo, umkabidhi, umwambie maji haya ni ya kisima cha Kombo. Atakulaani siku moja, atakusamehe siku ya pili. Ukisubiri ikauke ukaikunja, umekwisha. Maana mama hatakuwepo siku utakayotaka kusema."

Nilimwitikia, "Ndiyo, Maalim." Nikaianika kwenye ua wake. Ikakauka. Nikaikunja.

Nilipokelewa Temeke kwa dufu na kaswida. Nilikuwa nimefuga ndevu, nina tasbihi, na tende nilizozinunua kwenye duka la Mhindi mjini. Mama alipofungua ile kanga aliibusu sanda, akaiweka usoni, akavuta harufu yake macho yamefumba. Watu wakaniita Haji kuanzia saa ile. Na Bi Mgeni, usicheke, mwaka uliofuata akapata mtoto wa kiume. Kila Idi alikuwa akimleta aubusu mkono wangu. Mtoto wa watu, mkono huu! Nilikuwa nasubiri watoke niende kuunawa.

Mama aliishi miaka miwili baada ya hapo. Alipougua nilikaa naye mchana kutwa, naye akawa anapenda nimsimulie Makka. Nilimsimulia niliyoyasikia kwa wengine. Alasiri moja akanikatiza. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo sana.

"Na Misri hukupita?"

"Sikupita, mama."

"Aa. Nilidhani ungepita. Nilikuwa nawasikia wewe na Sefu na karatasi yenu ile. Nikajua siku moja utakuja kuniomba ruhusa ya kwenda kutembea." Akapumzika kidogo. "Nilikuwa nimeshajitayarisha kukwambia nenda. Baba yako alitamani sana kuona nchi za watu, mie nikamzuia. Nilijuta. Nikasema kwako sitarudia. Basi ukaja na la Hija, nikaona umepita hata nilivyokufikiria."

Mwanangu, mlango ulikuwa wazi namna ile. Kilichobaki ni mimi kusema, "Mama, nisamehe." Niliinama nikamrekebishia mto. Nikasema apumzike, tutazungumza akipata nafuu. Hakupata nafuu. Alifariki siku ya tatu yake, na wanawake waliomwosha walitoka wakiambiana heri yake, kavishwa sanda ya Zamzam na mwanawe Haji. Nilikuwa kaburini nikimpokea kwa mikono yangu, nikiwa ndani ya shimo pamoja naye, na bado sikusema.

Misri sijaiona. Njia zilipofunguka baadaye, na uwezo nikawa nao, sikutaka hata kuisikia. Maalim Kombo alifariki, Sefu alifariki tukiwa tunasalimiana kwa mbali, na hili jina la Haji nimeitwa mpaka na mke wangu. Nina hasira na kijana yule mpaka leo. Sina wa kumgombeza isipokuwa mwenyewe.

Sasa nikwambie kwa nini nimekuita. Jana nilikuwa nimejilaza barazani, nikakusikia unampangia mwenzako habari ya safari yenu ya kutembea, na kwamba mama yako umemwambia unakwenda kwenye mafunzo ya kazi. Sikukuuliza wakati ule kwa sababu mwenzako alikuwepo.

Nasaha yangu ni hii, na sina nyingine. Usimjibie mama yako moyoni mwako. Muulize, umwachie mwenyewe ajibu. Akikataa, kaa naye umbembeleze, ununiwe, ulie naye akilia. Akikuruhusu, utakwenda na jina la safari yako mwenyewe. Kutembea si dhambi, kutamani kuona miji ya watu si upuuzi, wala usikubali mtu akwambie huna cha kutazama huko. Ila usiifiche tamaa yako safi chini ya jambo tukufu ili upewe kwa urahisi, maana wanaokupenda watalishika lile jambo tukufu kwa nguvu zao zote, na wewe hutapata tena nafasi ya kulitoa mikononi mwao. Na ikiwa umeshasema, kama ulivyokwisha sema, bado ni jana tu. Mama yako yuko uani anafua. Nenda kabla hajaanza kuwaambia majirani.

Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akuoneshe miji unayotamani kuiona, akurudishe salama ukiwa na habari za kweli za kusimulia. Akupe ulimi usiomwogopa mama kwa lililo kweli. Mkono wangu huu hapa, nakuwekea kichwani, lakini wa kwake ndio utangulie. Radhi niliyopewa mimi ilikuwa ya safari nyingine. Ya kwako iwe ya safari yako. Amina.