Nani Alikuona Ukianguka?

Mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa, nami nilikuwa nimepunguzwa kazini. Nilianguka nyumbani Pasiansi, nikazinduka sakafuni, chai imepoa.

"Nani alikuona?" daktari aliuliza hospitalini. Hakuna. Alitaka kujua kama nilitikisika, pengine ni kifafa, au nilipauka na kutulia, pengine ni moyo, ambao siku nyingine ungeniua. Kipimo cha moyo kilionyesha mapigo safi. Moyo wangu una adabu mbele ya wageni.

Nikalazwa ili nianguke mbele ya watu. Kwenye kitanda jirani, mama mmoja kutoka Kamanga, ng'ambo ya ziwa, alikuwa akimlisha mumewe uji.

"Baba, watu wako wako wapi?" aliniuliza.

"Wamesafiri." Kwa mke wangu ilikuwa kweli, safari yake ilikuwa imeingia mwaka wa tatu.

"Basi lala umegeukia huku, nikuone."

Nikageuka. Alasiri nilizimia, akapiga kelele, daktari akaushtua moyo kwa umeme. Nilipozinduka mama alikuwa akimweleza daktari: "Hakutikisika hata kidole. Alipauka tu."

Daktari akaniandikia vidonge vya kutuliza mapigo. "Nyumbani awepo mtu wa kukuangalia."

Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu mwenye watu.