Sungura wa Milaya

Harufu ya unga wa mtama uliochachuka, ikichanganyika na harufu ya dawa ya nondo, hunirudisha Hai Jalaba, mtaa wa Juba, hata nikiwa nimelala juu ya magunia ya vitunguu mpakani. Hunirudisha sebuleni kwa mama mkubwa wangu, Mama Skopas, na sirudi kwa upole. Unga ulichachukia ndani ya ndoo nyuma ya mlango wa jikoni, ukitoa mapovu kama kitu kinacholalamika. Dawa ya nondo ilitoka kwenye kabati la vioo. Kati ya jikoni na kabati palikuwa na sebule ambayo kila kitu ndani yake kilikuwa kimevishwa nguo. Viti vilivaa vitambaa vya kufuma, redio ilivaa, chupa ya chai ilivaa sketi ya waridi yenye marinda, na hata ile kalenda ya mwaka uliopita ilikuwa na pazia lake. Sisi watoto tulitembea na magauni yaliyopasuka makwapani. Mgeni akisifu, mama mkubwa aliinamisha kichwa na kusema kwamba nyumba ya Mkristo hujulikana kwa usafi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Ya kwetu ilikuwa mlango, pazia la mlango, na kitambaa juu ya pazia.

Nilipelekwa pale mwaka tuliorudi kutoka Kenya, Kiswahili kikiwa kingali chepesi mdomoni kuliko Kiarabu cha Juba. Mama yangu alibaki Nimule, mpakani, akiuza chai kwa madereva wa malori, akaona kando ya barabara si mahali pa kumlea msichana. Dada yake mkubwa alikuwa na nyumba, heshima na shule karibu. Shule nilikwenda asubuhi. Mchana na jioni zilikuwa za mikono. Tulipika kisra kwa zamu, mimi na Poni, binti yake aliyekuwa amekwisha kuposwa: unamimina uji mwepesi juu ya bamba la chuma lenye moto, unautandaza kwa kipande cha plastiki kwa mpigo mmoja, unahesabu pumzi mbili, unabandua. Kisra nzuri ni nyembamba kama ukurasa. Nyumba ile ilitoa kurasa za mtama kila siku, rundo kwa rundo, zikaliwa na mchuzi wa bamia, na hakuna aliyekumbuka kurasa za aina nyingine.

Jioni ilikuwa ya milaya. Asiyejua milaya ni nini, ni shuka za kitanda zinazotariziwa maua na ndege kwa nyuzi za rangi, na pindo lake hufumwa kwa sindano ya ndoana. Binti wa Juba akiolewa bila hizo, watu huuliza kama alilelewa na mama au na mbwa. Wanawake wa mtaa wetu walizitariza wakiwa wameketi kwenye mikeka uani, wakichekeana kwa meno na kuchunguzana kwa macho, kwa sababu uhai wa milaya ni mchoro, na mchoro huibwa. Kwa hiyo kila mwanamke alikuwa na mwiko wake. Mchoro ulichorwa kwenye karatasi, karatasi ikatobolewa kwa sindano kufuata mistari, ikalazwa juu ya shuka na kupakwa unga wa makaa ili vitone vyeusi vipenye mpaka kwenye kitambaa. Kisha karatasi ilichomwa. Hakuna aliyemwachia jirani karatasi nzima. Mama Skopas alifanya kazi hiyo chumbani kwake, mlango ukiwa na komeo, akatoka na shuka yenye vitone na karatasi zilizokunjwa, nyeusi pande zote. Mimi ndiye niliyewashia nazo moto wa kisra. Ziliwaka vizuri. Michoro yake ilikuwa gumzo la kanisa zima: wengine walitariza waridi na njiwa wale wale, yeye alitoa twiga, kobe, kiboko aliyevaa kofia. Wakimwuliza anavipata wapi, alifumba macho na kusema, "Huja kwenye maombi."

Sasa lile kabati. Ndani yake, juu ya vitambaa, vilisimama vitabu vya hadithi vya watoto, vya Kiswahili, alivyorudi navyo kutoka Kenya baada ya shule ya kambi ya wakimbizi kufungwa. Havikuguswa. Mikono yetu ilikuwa na unga, alisema, au mafuta, au jasho, na siku ilipokuwa haina hata kimoja, ilikuwa na makosa. Wageni walivisifu vitabu kwa mbali, kama watu wanavyomsifu maiti. Kimoja kilielekeza uso wake kwenye kioo: sungura mwenye futi ya fundi cherehani shingoni, amesimama mbele ya mamba, na mamba anatabasamu. Nilikuwa na umri wa kuweza kusoma na sikuwa na cha kusoma zaidi ya magunia ya sukari. Nikawa napitisha kitambaa cha vumbi kwenye kioo kile mara nyingi kuliko kilivyochafuka. Sungura anampima mamba nguo gani? Kwa nini mamba anacheka? Swali lilinikaa mwilini kama njaa, na mama mkubwa, ambaye hakuwa mjinga, aliliona na akalitia nira. Kina mama wa kanisa walikuwa na desturi ya kutembelea nyumba ya mmoja wao kila Jumamosi, wakala, wakakagua kazi za mikono, na mtoto wa nyumba akasoma kitu mbele yao. Zamu yetu ilikuwa inakuja. "Malizia pindo la milaya ya Poni kabla ya wageni," aliniambia, "na siku hiyo kitabu cha sungura utakisoma wewe. Kikiisha kusomwa, ni chako."

Nilifuma. Nilifuma nikichunga kisra, nikaunguza kisra nikapigwa, nikafuma. Poni, ambaye shuka zilikuwa zake na hakuonekana kuzitaka, alinisaidia pembe zilizonishinda na kuniuliza mara moja kwa nini ninaharakisha. Nikamwambia kitabu. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akarudi kwenye uzi wake. Walioposwa katika nyumba ile walifundishwa kunyamaza kabla ya kufundishwa kupika.

Jumamosi ilifika. Milaya ilitandikwa juu ya kiti kirefu ili ionekane yote, pindo langu likining'inia mpaka sakafuni. Katikati alikuwa mamba mkubwa wa kijani, kinywa kimefumbwa, ua jekundu limechomoza kati ya meno. Kulia na kushoto kwake walisimama sungura wawili wanaotazamana kama njiwa wa kadi za harusi. Wanawake walipiga vigelegele vya adabu. Miongoni mwao alikuwepo Nalongo, Mganda mwenye kibanda cha cherehani mbele ya ua wetu, aliyealikwa kwa sababu mashine yake ilitushonea bure. Yeye alishika pindo, akaligeuza nyuma, akasema mtoto huyu ana mkono. Kisha kabati likafunguliwa. Nilinawa mara ya pili bila kuambiwa.

Nilisoma vizuri, ninasema bila aibu. Sungura alikuwa fundi mwenye majivuno aliyejigamba kwamba hakuna mwili asioweza kuupima. Mamba akamwagiza koti la harusi. Sungura akapima mkia, akapima mgongo, akapima shingo, na kila kipimo mamba alisema koti litabana kama fundi hajui urefu wa ndani. Basi akapanua kinywa. Sungura akaingia na futi yake, akikanyaga ulimi polepole, na mamba akaanza kufumba. Nikageuza ukurasa. Hapakuwa na ukurasa. Palikuwa na kingo zilizokatwa kwa wembe, na baada ya hapo jalada la nyuma. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hata huko mwanzo nilikosoma kurasa zilirukaruka, nami kwa pupa nimeziruka pamoja nazo.

Nikasema ukurasa umekatwa. Mama Skopas akasema, huku akimimina chai, kwamba hadithi imeisha na watoto wazuri hushukuru. Wengine walikuwa tayari kushukuru. Lakini Nalongo alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mwili mzima uko kwenye hadithi.

"Mimi iko nauliza tu, Mama Skopas," alisema. "Huyu sungura alitoka ama hakutoka?"

"Alitoka."

"Alitokea wapi? Kitabu haina mwisho."

Sikumwonyesha mtu kitu chochote. Nilitazama tu mahali ambapo jicho lingetazama: mamba wa kijani juu ya kiti, kinywa kimefumbwa. Nalongo akafuata jicho langu. Akachukua kitabu mkononi mwangu, akakiweka kando ya shuka, mamba wa jaladani karibu na mamba wa nyuzi, meno kwa meno, tabasamu kwa tabasamu. Mwanamke mmoja akainuka, akafungua kitabu kingine kabatini, kisha kingine. Twiga hakuwemo. Kobe hakuwemo. Pale kiboko mwenye kofia alipopaswa kuwa palikuwa na kingo za wembe. "Kumbe maombi yana jalada," mmoja alisema, na kicheko kilichofuata kilikuwa cha watu waliokisubiri miaka mingi. Hakuna hata mmoja aliyecheka kwa ajili ya vitabu. Walicheka kwa sababu michoro ilikuwa ya kuibwa, na wao hawakuwa wamejua pa kuiba.

Nami nikajua nimewasha moto kwa mwisho wa sungura. Nikamtafuta kwenye shuka basi, kwani ndiko alikobaki. Lakini mama mkubwa alikuwa amependa pande mbili zilingane, akamchora mara mbili, na penye ulimi wa mamba akaweka ua. Huwezi kusoma chochote hapo. Aliuchukua ukurasa pekee uliokuwa na jibu, akaufanya pambo.

Wageni walipoondoka hakunipiga, na hilo lingenitisha kama ningekuwa na akili. Alikunja milaya, akafunga kabati, akatamka hukumu yake akiwa amenipa mgongo: msichana anayeaibisha nyumba kwa kusoma hahitaji kusoma zaidi. Muhula ulipofunguliwa, sare yangu haikununuliwa. Poni aliolewa, mimi nikarithi bamba lote la kisra. "Mtembezi hula miguu yake," aliniambia siku aliponikuta nimesimama langoni nikitazama malori. Nilistahimili mpaka mvua za kwanza, kisha nikapanda lori la vitunguu lililorudi tupu kuelekea Nimule, na tangu siku ile sijakaa mji mmoja hadi mashuka yakachakaa. Nimeuza chai, nimefua, nimehesabu magunia, nimeuliza maswali kwa kila mtu aliyekaa karibu nami. Miguu yangu ningali ninayo.

Kitabu kizima nilikikuta Kitale, kwenye turubai la muuza mitumba, kati ya viatu. Nilikisoma nikiwa nimechuchumaa. Sungura alitoka. Alitoka akilia, akaomba radhi kwa majivuno yake, akaahidi kutomwacha mama yake tena, na picha ya mwisho ilimwonyesha ameketi nyumbani, kichwa chini, akishona. Nilikirudisha kati ya viatu. Mama Skopas angeweza kukiandika mwenyewe, na kumbe hakuwahi hata kukisoma.

Mwezi uliopita nilikuwa Juba, nikipeleka nguo zilizofuliwa kwenye hoteli moja ya Thongpiny. Ukutani, nyuma ya kioo, ametundikwa mamba wa kijani mwenye ua. Pindo ni langu. Ninalijua kwa ile pembe ya Poni. Msichana wa mapokezi, kucha ndefu, aliwaeleza wageni wawili waliobeba kompyuta kwamba hiyo ni alama ya mababu zetu, mamba ni vita na ua ni amani. Wageni walitikisa vichwa kwa huzuni ya kitaalamu na kupiga picha. Kibaya chajitembeza, na kikipata kioo kizuri husimama. Zamani uongo ule ulihitaji komeo na moto. Siku hizi unahitaji taa ndogo juu ya fremu.

Poni aliiuza shuka hiyo alipokuwa akiuza vyote. Anaishi Mangateen sasa, huko huko Juba, kwenye kibanda cha mabati kisicho na kabati wala kitambaa, na ana binti anayesoma karatasi za kufungia maandazi kabla ya kula andazi. Jioni ile nilimsimulia habari za sungura. Nilipima mkia, nikapima mgongo na shingo, nikamwingiza kinywani, nikafumba. Poni alikuwa akipepea jiko. Mkono wake ukasimama.

"Halafu, mama mdogo?" mtoto aliuliza.

Mwisho niliujua neno kwa neno. Nikamwambia ukurasa ulipotea. Alininunia, akakataa uji, akanigeuzia mgongo mpaka usingizi ukamchukua, na Poni akaniambia taratibu kwamba nimekuwa kama mama yake. Mama Skopas asitafute shukrani kwangu. Mwisho ule hakunikinga nao, aliuchoma tu. Lakini asubuhi, kabla sijakunja mkeka wangu, mtoto alikuja akasimama kichwani pangu, uso haujaoshwa, akaniuliza kama sungura, alipoingia, alikuwa na mkasi wake mkononi.