Mlango Ambao Sikuujenga

Hii si hadithi ya kubembeleza watoto. Ilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa Kathonzweni, na pombe sijawahi kuonja.

Mimi shule niliacha darasa la tano, lakini uliza nyumba za mawe za kukodisha pale chini sokoni ni za nani. Utaambiwa. Geti niliweka moja tu, na nyuma ukuta mrefu wa kuzuia wezi.

Sasa watu wa kaunti wakatuita baraza. Walikuwa wamepiga soko picha kwa droni, wakaliweka lote ndani ya kompyuta, kila duka na kila mtaro. Wanaita pacha wa mji. Wanaunyeshea mvua ya uongo waone maji yatapita wapi. Nikatafuta ploti yangu kwa skrini. Ukuta wa nyuma ulikuwa na mlango!

"Msichana, toa huo mlango," nikamwambia yule wa kompyuta. "Huo ukuta nilijenga na hii mikono."

Akafuta. Ukarudi. Akafuta tena. Ukarudi.

"Mzee anabishana na televisheni!" mtu akasema, watu wakacheka.

Mama mmoja mzee, nisiyemjua, akanigusa bega. "Mwanangu, mbona umenizibia njia? Fungua kabla mvua ije." Akaondoka.

Niamini. Ilikuwa kiangazi, vumbi tupu, na nyayo zake zilikuwa zinaacha maji. Nikazifuata mpaka kwa ploti yangu, mpaka kwa ukuta, pale pale kompyuta ilionyesha. Zikaishia hapo. Alipitia wapi? Niambie wewe.

Mimi si mtu wa kuogopa, lakini jioni hiyo nilichukua nyundo.

"Baba Mutua, umerogwa?" mke wangu akauliza. Nikaendelea kubomoa.

Mvua ilipokuja, maji yaliingia kwa geti mpaka kifuani. Wapangaji wote walitokea nyuma, pale nilipobomoa, hata Kalekye, ambaye mimba yake ilikuwa imefika. Alijifungua huko juu kanisani, mvua ikinyesha. Huyo mtoto tungemwita nani kama si Mumbua, yaani aliyezaliwa na mvua?

Siku hizi Mumbua anatembea. Akifika pale mlangoni anasimama, anainua mkono, anasalimia mtu ambaye sisi hatumwoni, halafu anacheka. Kwanza mama yake alikuwa anamvuta. Sasa anamwacha amalize salamu.

Na wewe mwenye ploti, uwe Kikima ama Tseikuru, wakikuita kuona pacha wa mji wako, nenda. Ukikuta kwa nyumba yako kitu hukujenga, usiseme kifutwe. Uliza kwanza ni nani anataka kupita.