Mikoma Isiyo na Mwenyewe

Miyaa mibichi ikianikwa juani hutoa harufu ya majani yaliyoanza kuungua, na kijiji chetu kizima cha Kipungani kilinukia hivyo nilipokuwa mtoto. Baba alikuwa amefariki, kwa hiyo mimi na mama tuliishi kwa bibi yangu, Bi Mwanaesha. Nyuma ya nyumba palikuwa na mikoma, miti inayofanana na mitende, ambayo alirithi kwa mamake. Alikata majani yake, ambayo ndiyo miyaa, akayachana, akasuka ukili mrefu, kisha akaushona ukawa mkeka. Mikeka ilikwenda kuuzwa mjini, Langoni, nasi tukapata mchele. Bila mikoma ile tungelala njaa, na hilo nililijua hata kabla sijajua kusoma.

Miaka michache baada ya uhuru akaja afisa kutoka bara, kijana mpole mwenye suruali iliyopigwa pasi, pamoja na wapimaji na minyororo yao ya kupimia ardhi. Alituambia serikali inatafuta mahali pa kujenga viwanda na maghala, ili matajiri wa ng'ambo walete mitaji yao. Tutapata kazi, tutapata umeme. Watu wakafurahi, wakamwangulia madafu. Mimi niliogopa. Labda ni kwa sababu wapimaji waliitazama ardhi muda wote bila kututazama sisi.

Kwetu hakuna aliyetaja mali yake mbele ya mgeni. Mtoto mzuri aliitwa mbaya, mbuzi aliyenona alisemwa mgonjwa, yote kwa kuogopa jicho la husuda. Afisa hakuyajua hayo. Alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake, mpaka akafika kwetu.

"Hii shamba ni ya nani, mama?" akamwuliza bibi, akiionyesha mikoma.

Bibi akacheka. "Shamba gani, Bwana? Pori tu hili. Nti hii haina kitu."

"Kwa hivyo haina mwenyewe?"

"Nani atakaye pori, Bwana?"

Nikalivuta buibui lake. "Bibi, kwani si yetu?"

"Nyamaa, mwanangu," akaninong'oneza, akinifinya mkono.

Nikanyamaza. Afisa akaandika, bibi akatia dole gumba, wakaagana kwa heshima. Majirani nao walijibu vivyo hivyo, kila mmoja akijidunisha kuliko mwenzake. Bibi aliingia ndani ameridhika kabisa, akasema ametukinga na jicho la mgeni.

Kabla ya mvua za masika ukazungushwa ua wa waya, kikasimamishwa na kibao cha serikali. Bibi alipokwenda na kisu chake kukata miyaa, askari alimrudisha. Akaenda kwa afisa kusema kwamba mikoma ni yake. Afisa alifungua daftari akamsomea maneno yake mwenyewe, polepole, macho yake yakiwa chini. Tangu siku ile alisuka miyaa ya kununua, na faida ikaishia humo. Mama akaenda Langoni kufulia watu nguo. Matajiri wa ng'ambo hawakuja. Tuliiona mikoma ikizidi kuota ndani ya ua, majani yakikauka na kuanguka bila wa kuyakata, na bibi akafa hajaigusa tena. Mpaka leo najilaumu kwamba sikupiga kelele.

Sasa nimempita bibi kwa umri, na wajukuu zangu hutaja mali zao kwa sauti, hata wakaniudhi. Habari za wawekezaji zimerudi, safari hii na barabara na bandari, na majirani wanafurahi kama walivyofurahi wazee wao. Mwaka jana alikuja kijana mwenye kompyuta kuorodhesha wenye ardhi. Sikungoja aniulize. Nilimpeleka mpaka penye mikoma, nikasema, "Hii ni yangu. Ilikuwa ya bibi yangu, na ya mamake kabla yake."

Kijana alibonyezabonyeza, akasoma kumbukumbu za zamani, akanitazama kwa huruma.

"Pole, bibi," akasema. "Hapa inaonyesha hapakuwa na mtu."