Viti Nje, Mkeka Ndani

"Vuta mupepe, mama. Sasa utoshe yote, tumbo iingie ndani."

Hiyo ndiyo dawa niliyopewa: kupumua. Nilikuwa nimeanguka kutoka kwenye taxi-moto, pikipiki ya abiria, hapa mtaani Dilala, dereva akikwepa lori la madini. Nilitua kwa makalio juu ya lami, mfupa mmoja wa mgongo ukapata ufa. Baada ya miezi ya kuvaa mkanda mgumu kiunoni nilitumwa kwa kine, mtaalamu wa viungo. Nilitegemea mashine, sindano, au angalau kukandwa mpaka nipige yowe. Badala yake kijana wa watu akanilaza kwenye mkeka, akasema mazoezi yanaitwa pilates, akaniambia nipumue. Nikamjibu kwamba nimepumua tangu nizaliwe na hakuna aliyenifundisha.

Hakucheka. Alitaka nihisi mgongo wangu ukigusa sakafu pingili baada ya pingili. Mimi nilihisi sakafu tu. Nilikunja magoti, nikainua nyonga, nikashuka kwa kishindo kama gunia la unga.

"Hapana, mama. Pole pole. Kichwa yako iko wapi?"

Kichwa changu kilikuwa Tenke. Huko ndiko alikokuwa binti yangu. Daktari alinikataza kubeba chochote, na mtoto ambaye bado hatembei ni wa kubebwa tu, kwa hiyo mama yangu alikuja akamchukua. Nilitaka kitu kimoja: kuinama, kumweka mtoto mgongoni, kumfunga kwa kitenge na kusimama. Niliapa kwamba harudi mpaka niweze, maana sikutaka anililie huku nimekaa namtazama. Kila Jumapili mama alipiga simu, nikamsikia mtoto akipayuka pembeni, na kila Jumapili nilisema, "Bado, mama. Ungoje kwanza."

Kine aliniambia nifanye mazoezi nyumbani pia. Sawa, lakini wapi? Sebule yetu ni ya zile nyumba za zamani za kampuni ya madini, sakafu nzuri ya saruji, ila mume wangu ameijaza makochi kana kwamba tunamsubiri gavana. Asubuhi moja, kabla hajaenda kazini, nilimwambia ayatoe yote nje, makochi na viti. Aliyatoa akinung'unika. Nikatandika mkeka katikati, nikalala chali, nikafumba macho, nikaanza kutoa pumzi kwa sauti kama nilivyoagizwa: haaa, haaa.

Mtu yeyote wa kwetu anajua maana ya viti vilivyotolewa nje na mama aliyelala kwenye mkeka katika sebule tupu. Hata mimi najua. Siku hiyo nilikuwa nawaza pingili zangu.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia. Alisimama mlangoni, akavua sandali, akajishika kichwa.

"Yo! Yo, mama! Mutoto wetu! Njo maana hatumuone tena!"

Akajitupa kando yangu na kunikumbatia. Nyuma yake waliingia wanawake wengine watatu, vitenge vimefungwa kiunoni, na mmoja akaanzisha wimbo wa msiba wa kanisani kwao. Hakuna aliyeuliza neno.

"Hakufa!" nilipiga kelele. "Mutoto hakufa! Iko Tenke, kwa nkambo yake!"

Lakini aliyefiwa ndivyo anavyosema. Anakana, anapiga kelele, na wenzake wanamshika. Nilivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kulia.

"Anakatala kuamini," yule mwimbaji aliwaambia wenzake. "Lia, mama. Usijikaze."

Nilikasirika. Walikuwa wakimlilia binti yangu aliye hai, wakimtaja kwa jina na kusifia meno yake mawili, na mimi nimebanwa chini. Nilimsukuma muuza makala, nikapiga magoti, nikasimama bila kushika ukuta.

"Mutoto iko muzima! Muende kwenu!"

Wimbo ukakatika. Wakatazamana. Muuza makala alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, naye sasa amekasirika.

"Kama iko muzima, juu ya nini haiko hapa na mama yake?"

Ningeweza kumweleza habari za daktari, kine na pingili. Lakini niliona aibu, maana kila Jumapili ni mimi niliyesema bado. Walipoondoka nilimpigia simu mama yangu, na ingawa haikuwa Jumapili nilimwambia amlete.

Alifika Jumamosi, mtoto mgongoni, vumbi la barabara limewajaa wote wawili. Sikungoja hata anywe maji. Niliinama pole pole, nikitoa pumzi, tumbo ndani, naye akamlaza mtoto mgongoni mwangu. Nilivuta kitenge, nikakifunga, nikasimama. Mgongo uliuma, lakini ulikubali.

Mtoto akaanza kupiga mateke. Alijinyonga ndani ya kitenge, akamnyooshea bibi yake mikono yote miwili, akilia, "Mama! Mama!"

Mama yangu alitazama chini.

"Atazobelea, atakuzoea pole pole," alisema. "Leta kwanza, anyamaze."

"Hapana."

Nikaanza kuzunguka uwanja naye, kutoka mlangoni hadi barabarani na kurudi, majirani wakitutazama. Kila alipoita mama, niliitika, ingawa hakuwa ananiita mimi.