Hakuna Aliyeuliza Habari za Kamba

Katika vitabu vile kuna sehemu ambayo siku hizi siwezi kuisoma bila kukasirika. Kila mara iko mwishoni. Mpelelezi mashuhuri wa hadithi za zamani, ambaye mwandishi wa sasa amemrudisha utotoni na kumfanya mvulana wa miaka kumi na minne, anawakusanya watu wazima sebuleni. Wanakaa. Yeye anasimama, anawaeleza aliona nini, kikampeleka wapi, na kwa nini mwizi hawezi kuwa mtunza bustani. Wanamsikiliza mpaka mwisho. Hakuna anayenyanyuka kwenda kutazama chungu jikoni, wala anayemwambia mtoto anyamaze wakubwa wanaongea.

Ninaishi Ushirombo, na kazi yangu ni kupelekea redio habari za wilaya. Vitabu hivyo nilivikuta Shinyanga mjini kwa muuza mitumba anayevipanga chini, pembeni ya viatu. Nikamletea binti wa dada yangu. Alikuwa amemaliza mtihani wa darasa la saba na anasubiri kuanza sekondari, na siku zilimchosha. Viko katika Kiingereza chepesi. Alisoma kwa sauti barazani kwao, mimi nikimsaidia maneno yaliyomshinda, na baada ya kitabu cha pili akaanza kuniambia nimetoka wapi kwa kutazama viatu vyangu. Mara nyingi alikosea. Sikujali, maana kila mara alitoa sababu, na sababu ndiyo niliyotaka ajifunze kutoa.

Kisha mbuzi wa jirani yao akapotea.

Jirani huyo ni mama anayeuza dagaa sokoni. Tulipofika uani kwake alikuwa ameshamshika shati kijana mchimbaji aliyepanga chumba cha nyuma, na watu walikuwa wanazidi kusogea. Kijana alirudia neno moja tu, kwamba alikuwa kazini. Binti akapiga goti, akasema, "Shikamoo mama. Naomba nione kamba."

"Marahaba. Kamba ya nini? Mbuzi ndiye aliyepotea."

Akaiona mwenyewe, bado imefungwa kwenye nguzo. Ncha yake ilikuwa imechakaa na ina unyevu. Akasema haikukatwa kwa kisu, imetafunwa. Akasema upepo unatoka upande wa mama anayepika pombe, na leo ni siku ya kumwaga machicha, na mbuzi anapenda machicha. Tukaenda. Mbuzi alikuwa pale, kichwa ndani ya beseni.

Kijana aliachiwa shati. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi, lakini furaha yenyewe haikufika jioni. Nikiwa dukani nilimsikia yule mama akiwasimulia wenzake. "Aliitazama kamba tu," alisema, "akajua." Nikaingilia kati, nikaeleza habari za meno, unyevu na machicha. Walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, mmoja akauliza, "Na huwa anaanza kutetemeka kwanza, au inakuja tu?"

Siku zilizofuata hodi zilianza. Mmoja kapotelewa na simu, mwingine mtoto wake hapati usingizi. Dada yangu aliwatolea viti. Nilimwambia, "Dada, kamba ilitafunwa. Hata wewe ungeona."

"Mbona sikuona?"

"Hukuangalia."

"Basi ndicho hicho tunachosema," alijibu, akaendelea kuchambua mchele.

Ningeweza kuvumilia hayo kama mama yetu asingefika kutoka Mhunze. Alikuja kwa basi kwa sababu habari zilishamfikia, na alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu kabla ya kuitikia shikamoo yake. Alisema shangazi yake yeye alianza hivihivi, kwa kutazama vitu na kunyamaza, na akaishia kuwa mfumu, mganga anayepiga ramli, mtu aliyefuatwa kutoka mbali. Jambo kama hili halitoki bure katika ukoo, alisema. Januari atarudi naye Mhunze, kwa ndugu anayeijua kazi hiyo, akafundishwe asije akaugua.

"Januari anaanza kidato cha kwanza," nilisema.

"Shule ipo tu. Itamsubiri."

Haimsubiri mtu. Nimeripoti habari za kutosha za wasichana walioambiwa hivyo, na sijamripoti hata mmoja aliyerudi darasani. Dada yangu hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tuone. Nilizungumza naye jikoni, nikazungumza na mama barazani, nikaleta hata kipande cha kamba yenyewe nikakiweka mezani. Mama alikisogeza kwa kidole ili aweke kikombe cha chai.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba binti mwenyewe hakupinga. Bibi yake alimketisha mkekani kila asubuhi akimwelekeza namna ya kupokea watu, naye aliitikia kama mwanafunzi mzuri. Siku moja nilipokuwa ninaondoka, alinisindikiza hadi kwenye pikipiki.

"Mamdogo, kwa nini mfumu haulizi?"

"Haulizi nini?"

"Bibi anasema mtu akija nisimuulize kitu. Yeye hasemi kilichomleta, mimi ndiye nimwambie. Nikiuliza atajua sijui."

Nilimwambia kwa sauti kali kidogo kwamba hayo ndiyo mambo ya kuacha, si ya kudadisi. Akasema ndiyo, akarudi ndani.

Wiki hiyo akaja mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kutoka machimbo ya upande wa Runzewe. Alikuwa mtu mzima mwenye saa kubwa mkononi, na alibeba kuku mweupe chini ya kwapa. Mama alimkaribisha mwenyewe. Nilikuwepo, nimekaa mlangoni nimekunja uso, nikijua kwamba mtu wa namna hiyo huja kutafuta jina. Shimo lake limeacha kutoa dhahabu, na anataka aambiwe nani kalifunga kwa uchawi. Jina lolote litakalotoka katika kinywa cha mtoto huyu, mtu wa kweli atakwenda kubomolewa mlango.

Binti akapiga goti. "Shikamoo baba."

"Marahaba." Kisha mgeni akasubiri aambiwe.

"Baba, umekuja kwa ajili gani?"

Mama yangu alikohoa. Mgeni akamtazama mama, kisha mtoto. Akasema, pole pole, ni mambo ya kazi.

"Kazi gani, baba?"

"Uchimbaji."

"Duara lenu lina urefu gani? Maji yanaingia kutoka upande gani?"

"Mjukuu wangu," mama alisema.

"Mawe mnapeleka kusaga wapi, baba? Na mawe yakisagwa nani anabaki pale? Huyo mlimwajiri lini?"

Mgeni aliweka kuku chini, akamnyanyua tena. "Binti, mbona unaniuliza mimi? Ningekuwa ninajua ningekuja?"

"Na mlinzi wa usiku, baba, ni ndugu yenu?"

Alisimama. Alimwambia mama, kwa heshima kubwa, kwamba nauli yake ni ya kutoka Runzewe, na maswali kama haya hata afisa madini anamuuliza bure. Akaondoka na kuku wake. Binti alimsindikiza hadi barabarani akiendelea kumuuliza, na maswali yalikuwa mazuri. Mtu yule angejibu matatu tu angejua dhahabu yake inaishia wapi.

Habari za ziara hiyo zilikwenda kasi kuliko zile za mbuzi. Hodi zikakoma. Mama alirudi Mhunze peke yake, akiwa amenuna. Hakukubali kwamba mtoto hakuwahi kuwa na kitu. Alisema kilikuwepo, kimeondoka, na vitabu vya Kizungu ndivyo vilivyokifukuza. Dada yangu aliviweka juu ya kabati. Januari binti akavaa sare mpya, akaenda shule. Ninapaswa kushukuru, na ninashukuru, ila bado ninaona kama nimeshindwa, kwa sababu hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza tena habari za kamba.

Msimu wa mvua mbuzi akapotea tena. Mama wa dagaa alipita mbele ya mlango wa dada yangu bila kusimama, akaelekea Runzewe kwa mganga. Binti alikwenda uani akiwa bado na sare, akarudi kumngoja njiani.

"Shikamoo mama. Kamba imetafunwa tena."

"Marahaba mwanangu. Nyamaza tu, nguvu zako zimeshaisha."

Alikuwa amerudi na hirizi ya kumvalisha mbuzi shingoni na ahadi kwamba mnyama atarejea mwenyewe. Mbuzi alirejea jioni, ananuka machicha. Kesho yake nilinunua mnyororo duka la vifaa vya ujenzi nikaufunga kwenye ile nguzo kwa mkono wangu, mwenye mbuzi akiniangalia na kunishukuru.

Mbuzi hajapotea tangu hapo. Yule mama anasema hirizi ile ni ya nguvu sana, na ameshanishauri nikachukue moja kwa ajili ya pikipiki yangu.